Kuongeza kodisepini: pima maji, usipime utando

Kuvu ya Cordyceps militaris humwaga sehemu kubwa ya kodisepini, kemikali yake ya dawa, kwenye lishe (maji yenye virutubisho) inamoota. Anayekausha utando (mwili wa kuvu unaoelea) na kumwaga maji ametupa dawa.

1. Lishe ya lita 1: glukosi gramu 40, dondoo ya hamira gramu 20, chumvi za madini KH2PO4 gramu 1 na MgSO4·7H2O gramu 0.5. Dondoo usiibanie, maana kila molekuli ya kodisepini ina nitrojeni tano. Chemsha kwa presha, nyuzi 121, dakika 20. Ukizidisha, sukari inaungua.

2. Mbegu: vipande vya agari (jeli ya kukuzia) vyenye kuvu, kwenye lishe ndani ya chupa ya kutikisa, mizunguko 130 kwa dakika, nyuzi 25, siku 4 hadi 5.

3. Weka mbegu mililita 10 kwa kila mililita 100 za lishe, kina sentimita 2 hadi 3. Kisha acha chupa itulie kabisa. Utando unaelea juu ukivuta hewa. Ukisukuma chupa unazama, na kuvu huanza upya.

4. Hii ifanywe kabla ya hatua ya 3: adenosini gramu 1 kwa lita, kama malighafi ya kodisepini. Tenga mililita 200 za maji ya ile lita, uyapashe moto, uiyeyushe humo (kwenye maji baridi hutuama chini kama chokaa), uipitishe kwenye chujio la mikroni 0.22 kabla ya kuchanganya na lishe.

5. Kuanzia siku ya 12 chota maji kila baada ya siku 3 upime kodisepini. Namba ikigoma kupanda mara mbili, vuna.

Swali: Spektrofotomita (kipima mwanga unaofyonzwa) inaonyesha ongezeko kubwa siku ileile niliyoweka adenosini. Nimefaulu?
Jibu: Hapana, ndugu. Adenosini na kodisepini zote mbili hufyonza mwanga wa nanomita 260. Zinatofautiana oksijeni moja tu. Lazima zitenganishwe kwa HPLC, mashine ya kromatografia inayotenganisha kemikali na kupima kila moja peke yake.

Swali: Utando ni wa chungwa kali, kodisepini kiduchu.
Jibu: Hiyo rangi ni karotenoidi, huletwa na mwanga. Haikwambii lolote kuhusu kodisepini.

Swali: Mbegu niliyoihamisha mara sita sasa inatoa utando mweupe tu.
Jibu: Imechoka. Rudi kwenye mbegu mama iliyo kwenye friji, nyuzi 4, na usivuke uhamisho wa tatu.

Swali: Maji haya yananyweka?
Jibu: Usinywe. Hayajasafishwa, na kimeng'enya cha mwili, adenosini deaminasi, huivunja kodisepini upesi.