Namna ya Kuongoza Mdahalo Kuhusu Kisiwa cha Maore Darasani

Mwalimu anayetaka kuwafundisha wanafunzi wa sekondari suala la Maore, kisiwa kinachotawaliwa na Ufaransa lakini kinachodaiwa na Komoro, ambacho Wafaransa hukiita Mayotte, asianze kwa kuuliza kisiwa hicho ni cha nani. Nimewahi kuanza hivyo hapa Moshi, na darasa likagawanyika kabla ya yeyote kuelewa kinachobishaniwa. Anza na kura.

Andika ubaoni jambo jepesi, kwa mfano kama mdahalo ujao ufanyike Jumatano au Ijumaa, kisha uhesabu kura mara mbili: kwanza za darasa zima, halafu za kila safu ya madawati peke yake. Mara nyingi hupatikana safu moja iliyokataa jambo ambalo wengi wamelikubali. Waulize kama safu hiyo ifuate wengi au ijiamulie yenyewe, uwaache wabishane bila kuwaingilia, kwa kuwa mgogoro wa Maore umesimama juu ya swali hilohilo.

Baada ya hapo waeleze historia kwa tarehe. Tarehe 22 Desemba 1974 visiwa vinne vya Komoro, yaani Ngazija, Nzwani, Mwali na Maore, vilipiga kura ya uhuru kutoka kwa Ufaransa. Kwa jumla takribani asilimia 95 waliukubali, lakini kwa Maore peke yake zaidi ya asilimia 60 waliukataa. Bunge la Ufaransa likaweka sharti, mwanzoni mwa Julai 1975, kwamba katiba ya nchi mpya ipitishwe kisiwa kwa kisiwa. Siku chache baadaye, tarehe 6 Julai, Ahmed Abdallah, kiongozi wa serikali ya ndani ya Komoro, akatangaza uhuru wa visiwa vyote bila kulingoja. Novemba mwaka huohuo Umoja wa Mataifa uliipokea Komoro ikiwa nchi ya visiwa vinne. Februari 1976 Ufaransa ilipiga kura ya turufu katika Baraza la Usalama kuzuia azimio lililoitaka ifute kura nyingine iliyopangwa Maore, na siku mbili baadaye zaidi ya asilimia 99 ya wapiga kura wa Maore wakachagua kubaki nayo.

Sasa gawanya pande, na usiruhusu upande wowote kushinda kwa kelele. Wanaoitetea Komoro wapewe Azimio 1514 la Umoja wa Mataifa la mwaka 1960, linalokataza kuvunja umoja wa ardhi ya nchi, pamoja na uamuzi wa viongozi wa Afrika, uliopitishwa Cairo mwaka 1964, wa kuheshimu mipaka iliyorithiwa wakati wa uhuru. Wanaowatetea wakazi wa Maore waeleze kwamba Ufaransa ilikipata kisiwa hicho mwaka 1841 kwa mkataba na Sultani Andriantsoly, kabla ya kuvitawala visiwa vingine, na kwamba mwaka 2009 takribani asilimia 95 ya waliopiga kura walitaka kiwe mkoa kamili wa Ufaransa, hadhi kiliyoipata mwaka 2011. Mimi naiona hoja ya kisheria ya Komoro kuwa na uzito zaidi, lakini mwanafunzi anayezibeza kura za wakazi hajalielewa suala hili.

Wanafunzi wetu hukimbilia kuifananisha Maore na Zanzibar. Uwazuie kwa upole, kwa sababu Zanzibar iliingia katika Muungano mwaka 1964 ikiwa dola yenye kiti chake katika Umoja wa Mataifa. Mfano ulio karibu zaidi ni Chagos, visiwa vya Bahari ya Hindi ambavyo Uingereza ilivitenga kutoka Mauritius mwaka 1965, kabla ya uhuru wa Mauritius.

Tenga robo ya mwisho ya kipindi kwa ajili ya watu wenyewe. Tangu mwaka 1995 Mkomoro huhitaji viza kuingia Maore, kisiwa kilicho umbali wa takribani kilomita 70 tu kutoka Nzwani na chenye ndugu zake wa damu, na wengi wamezama wakivuka kwa mashua ndogo ziitwazo kwasakwasa. Kisha chora ubaoni bendera ya Komoro yenye nyota nne, moja kwa kila kisiwa pamoja na Maore, umwombe kila mwanafunzi aandike kwa jina lake nyota ya nne iondolewe au ibaki, na kwa sababu gani.