Kishikwambi chenye kibodi ya kuchomoa: kagua maungio kwanza

Kishikwambi kinachogeuka kompyuta kikianza kusumbua, mara nyingi ugonjwa uko pale kinapokutana na kibodi, kalamu au chaja. Pachunguze hapo kabla hujafuta programu au kurudisha mipangilio ya kiwandani.

Kibodi ndiyo inayoongoza kwa usumbufu. Kwenye ukingo wa kishikwambi kuna safu ya vidoti vya chuma, na kibodi ina vyake. Umeme na kila herufi hupita hapo. Jasho na mafuta ya vidole huacha utando mwembamba, ndiyo maana kibodi hukatika ukiinua kishikwambi na kurudi ukikikandamiza. Bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka, mawasiliano yapo, basi tafuta kosa kwenye programu. Isipowaka, hifadhi kazi yako, zima kabisa na uchomoe kibodi. Chovya pamba ya masikio kwenye spiriti ya isopropili ya asilimia 70 au zaidi, ikamue isidondoke, pangusa vidoti vya pande zote mbili, kisha subiri dakika 5 vikauke. Usikwangue kwa kisu wala sindano: mipako ikichubuka, kutu huingia na hapo hakuna usafi utakaosaidia.

Kalamu huwachanganya wengi. Kwa kalamu nyingi, Bluetooth ni ya vitufe tu, kuandika hakuihitaji. Kwa hiyo vitufe vikifanya kazi lakini wino hautoki, acha kuunganisha upya. Angalia ncha: ikiwa imelika au imelegea, ivute kwa kibano, sukuma mpya mpaka igote. Kama kalamu ni mpya na haijawahi kuandika, huenda haipatani na kioo chako. Mifumo ambayo kalamu na kioo hutumia kuwasiliana, kama MPP, AES na USI, kwa kawaida haiingiliani, hata kama kalamu zinafanana kwa umbo. Na betri yake, kama inabadilishwa, huenda ni AAAA, nyembamba kuliko AAA ya rimoti.

Kwenye chaja, soma maandishi madogo. 5V 3A ni wati 15: kishikwambi huenda kikaonyesha kinachaji huku asilimia zikishuka. Tafuta wati 45 au 65 (20V 3.25A ndiyo 65). Ukipitisha umeme kwenye adapta ya matundu mengi, sehemu yake huliwa na adapta yenyewe. Skrini ya nje ikigoma, badilisha kebo kwanza, kwani kebo nyingi za USB-C za kuchajia hazibebi picha. Tundu lenyewe pia lazima liwe na uwezo wa DisplayPort, yaani wa kutoa picha.

Kama kishikwambi hushinda kwenye umeme, weka kikomo cha kuchaji asilimia 80 kwenye mipangilio. Ukiona kioo kimeanza kuinuka pembeni, betri imevimba: chomoa chaja, zima, usikikandamize kirudi, kipeleke kwa fundi siku hiyohiyo.