Kuiandaa yoti kwa safari ya bahari kuu ukiwa peke yako

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye yoti ya faibaglasi ya mita 9 hadi 11 anayetaka kutoka Kilifi au Mtwapa peke yake, avuke kwenda Shelisheli, Mayotte au mbali zaidi. Kazi yangu ni kufunga milingoti, waya na kamba za vyombo vya namna hii. Kila ninapopanda chombo cha baharia mmoja, kila kifaa nakipima hivi: je, mtu mmoja aliyechoka anaweza kukitumia usiku, mkono wake mmoja ukiwa umeshika chombo? Kama hawezi, kifaa hicho hakiko tayari hata kiwe kipya. Ukubwa wa chombo si hoja. Suhaili, yoti ambayo baharia Mwingereza Robin Knox-Johnston aliizungushia dunia peke yake mwaka 1968–1969 kwa siku 312 bila kuingia bandari yoyote, ilikuwa na urefu usiofika mita 10.

Wengi humaliza fedha kwenye skrini na redio. Wewe fuata mpangilio huu.

Hatua ya 1: Usianguke baharini

Baharia mwenye wenzake akianguka, kuna wa kugeuza chombo. Wewe ukianguka, yoti yako itaendelea na safari, tena vizuri.

Tandaza mikanda miwili ya poliesta juu ya sitaha, mmoja kila upande, kutoka kokpiti (mahali anapokaa mwendeshaji) hadi omo (mbele ya chombo). Chagua mkanda bapa. Kamba ya mviringo hubiringika chini ya unyayo. Usiupitishe pembeni penye reli, upitishe karibu na katikati, na uishie kama mita 2 kabla ya tezi (nyuma ya chombo). Hanesi yako (mshipi unaovaliwa mwilini) iwe na kamba mbili zenye kulabu za kunasia kwenye mikanda hiyo, moja ya mita 1 na nyingine ya mita 2, ili unapohama usibaki bila kufungwa hata mara moja. Lengo ni kwamba ukiteleza usivuke reli kabisa. Mtu anayeburutwa ubavuni mwa chombo kinachokwenda maili 5 kwa saa hapandi tena. Maji yanamshinda nguvu.

Weka pia kishikio imara cha kulabu karibu na mlango wa kushukia ndani, ujifunge kabla hujatoa mguu nje. Na jua la huku hula poliesta: ukanda uliopauka na kukakamaa ubadilishe bila kuuonea huruma.

Hatua ya 2: Chombo kijiongoze

Huwezi kushika usukani saa 24. Kwa bahari kuu napendelea mtambo wa upepo unaofungwa tezini. Bawa lake huhisi upepo. Chombo kikipotoka, bawa hulala, nalo hugeuza kasia lililo majini. Maji yanayopita hulisukuma kasia upande, kasia huvuta kamba mbili, na kamba hurudisha usukani. Hautumii umeme, na kasi ikiongezeka nguvu yake nayo huongezeka.

Udhaifu wake ni upepo mdogo wa nyuma, ambapo bawa hukosa cha kuhisi. Kwa hali hiyo weka mota ndogo ya umeme ya kushika mkono wa usukani. Beba bawa la akiba la plaiwudi, kamba za akiba na pini za mtambo.

Kisha jifunze kusawazisha matanga mpaka usukani uwe mwepesi mkononi. Mtambo hautengenezi chombo kilichobeba tanga kupita kiasi. Mtambo wa Knox-Johnston uliharibika alipokuwa karibu na Australia, akaendelea kwa kusawazisha matanga.

Hatua ya 3: Kagua mlingoti na waya zake

Hapa ndipo ninapotaka utulie. Chukua pamba, kioo cha kukuzia na tochi. Pitisha pamba taratibu kwenye kila waya kutoka chini kwenda juu. Uzi mmoja wa chuma ukiwa umekatika, pamba itanasa hapo. Halafu rudi kwenye kishikizo cha chini, pale waya unapoingia kwenye chuma. Maji ya chumvi hutuama humo. Safisha, kausha, angalia kwa kioo: mstari mwembamba kama unywele kwenye chuma ni ufa, na waya huo hauondoki bandarini. Doa la kutu lisilofutika nalo lichunguze.

Usisahau vyuma vinavyoshika waya kwenye mwili wa chombo. Vifungue, uvitoe kabisa. Kutu yake hujificha pale vinapopenya sitaha, sehemu isiyoonekana kwa nje. Waya zenye miaka 10 na zaidi mimi hubadilisha zote hata kama zinang'aa.

Beba kamba ya Dyneema (nyuzi za plastiki zenye nguvu sana) ndefu kuliko waya mrefu kuliko zote, vibanio vyake, mkasi mkubwa wa kukatia waya na misumeno ya chuma. Mlingoti ukivunjika, utalazimika kuukata kabla haujatoboa ubavu wa chombo.

Hatua ya 4: Kupunguza tanga

Tanga kuu liweze kukunjwa kwa hatua tatu, kila moja ikilipunguza zaidi. Wengi huvuta kamba zote za kukunjia hadi kokpiti. Mimi naona zinapita kwenye kapi (magurudumu ya kupitishia kamba) nyingi, zinakwama, na mwisho unakwenda mlingotini vilevile. Weka kamba zote na winchi hapo mlingotini, pamoja na mahali pa kusimama na pa kujifunga. Tanga dogo la dhoruba liwe na waya wake wa kulishikilia, ndani ya waya wa mbele wa mlingoti.

Hatua ya 5: Maji yasiingie, msaada uwe karibu

Kila tundu la chini ya maji lifungiwe kizibo cha mbao kwa kamba, papo hapo lilipo. Pampu za mkono ziwe mbili, moja ya kokpiti na moja ya ndani. Boya la dharura la 406 MHz, linaloita waokoaji kupitia setilaiti, lisajiliwe kwa jina la chombo na nchi ya bendera yake.

Septemba 2018, baharia Abhilash Tomy wa India, akiwa peke yake, alivunjika mlingoti na kuumia mgongo kusini mwa Bahari ya Hindi. Aliweza kutuma ujumbe, lakini akaeleza kwamba kuufikia mfuko wake wa dharura kulikuwa kugumu. Kwa hiyo lala kitandani mwako, ujifanye miguu haiendi, unyooshe mkono. Maji ya kunywa, simu ya setilaiti na boya viwe pale mkono unapofika.

Hatua ya 6: Usingizi

Lala kwa vipande vifupi, kwa sababu meli inayokwenda maili 20 kwa saa hukata maili 5 kwa dakika 15. Weka king'ora kikubwa cha kukuamsha, washa AIS (redio inayotangaza ulipo na kuonyesha meli zilipo) na kengele yake. Lakini ngalawa na mitumbwi yetu haina AIS, na mingi haina taa, hivyo usilale mpaka uwe umeyaacha mbali maji ya wavuvi. Ondoka ukiwa umelala vya kutosha.

Hatua ya 7: Maji, umeme, majira

Mombasa hadi Mahé ni karibu maili 950 za baharini. Kwa maili 100 kwa siku ni siku kumi hivi. Hesabu lita 3 za kunywa kwa siku, kisha zidisha mara mbili. Tumia madumu ya lita 10, usitegemee tangi moja. Umeme wa jua utoshe taa, AIS na simu. Friji si lazima.

Kaskazi ya Desemba hadi Machi inakusukuma kusini, lakini vimbunga vya Novemba hadi Aprili viko huko huko, zaidi kusini ya latitudo ya nyuzi 10 Kusini. Anayekwenda Mayotte apime hilo kabla ya kupanga tarehe.

Hatua ya 8: Jaribio

Toka nje ya mwamba usiku mmoja, upepo ukiwa na nguvu, peke yako kweli. Kunja tanga mara tatu, simamisha chombo, pika, lala kwa vipande. Andika kila mahali ulipotamani mkono wa tatu. Rudi urekebishe hayo, utoke tena usiku mwingine. Orodha ikiisha, pakia chakula na uende kwa watu wa uhamiaji na forodha.