Namna ya Kusoma Kura za Maseneta Kuhusu Mikataba ya Silaha, kwa Penseli na Karatasi ya Manila

Kila Jumamosi asubuhi huketi na vijana wapatao kumi katika chumba cha kukodi hapa Kisumu, tukichambua kura za mabunge, na swali linalorudi mara kwa mara ni hili: seneta anapopiga kura kinyume na chama chake kuhusu mkataba wa silaha, tutajuaje kama kura yake ndiyo iliyoupitisha au iliongeza idadi tu? Tunatumia Seneti ya Marekani kwa sababu kura zake kubwa za mikataba huandikwa jina kwa jina, na kwa sababu katiba ya nchi hiyo inadai theluthi mbili ya maseneta waliopo, sharti ambalo ni nadra chama kimoja kulitimiza peke yake.

Hatua ya 1: Tafuta kizingiti kabla ya kutazama matokeo

Seneti ina wajumbe 100, kwa hiyo wote wakipiga kura kizingiti ni 67. Tarehe 22 Desemba 2010 mkataba wa New START, ulioweka kikomo cha vichwa 1,550 vya nyuklia vilivyowekwa tayari kwa matumizi kwa kila upande kati ya Marekani na Urusi, ulipita kwa kura 71 dhidi ya 26. Jumla ni 97, na theluthi mbili yake, ukikamilisha kwenda juu, ni 65. Maseneta watatu ambao hawakupiga kura walikuwa Warepublikani, chama pinzani wakati huo, na kutokuwepo kwao kulishusha kizingiti kwa kura mbili. Ndiyo maana nawaambia vijana wasimwandike asiyefika kuwa hakuwa na upande: katika hesabu ya theluthi mbili, mpinzani aliyebaki nyumbani amekusaidia kidogo.

Hatua ya 2: Toa kambi ya Rais, ujue pengo

Barack Obama alikuwa na Wademokrati 56 na maseneta wawili huru walioketi nao, yaani 58. Ukitoa 58 katika 65 unapata pengo la kura saba. Warepublikani 13 walivuka, yaani walipiga kura ya ndiyo kinyume na wengi wa chama chao, wakiongozwa na Richard Lugar, kwa hiyo kulikuwa na ziada ya sita. Andika pengo kwa penseli nyekundu juu ya karatasi, kwa sababu hatua zote zinazofuata zinalitegemea.

Hatua ya 3: Linganisha kura mbili zenye pengo moja

Hapa ndipo tunapotumia muda mwingi zaidi. Chukua mkataba wa kupiga marufuku silaha za kemikali, uliopigiwa kura tarehe 24 Aprili 1997, na ule wa kupiga marufuku majaribio yote ya nyuklia, uliopigiwa kura tarehe 13 Oktoba 1999. Rais alikuwa yule yule, Bill Clinton, na Wademokrati walikuwa 45 mara zote mbili, kwa hiyo pengo la kufikia 67 lilikuwa 22 mara zote mbili. Mwaka 1997 Warepublikani 29 walivuka na mkataba ukapita kwa 74 dhidi ya 26. Mwaka 1999 walivuka wanne tu, na mkataba ukaanguka kwa 48 dhidi ya 51, huku Robert Byrd, Mdemokrati, akijibu tu kwamba yupo.

Mwanafunzi wa haraka atasema kwamba chuki ya vyama iliongezeka katika miaka hiyo miwili. Sikubali jibu hilo mpaka tuone yaliyotangulia kura. Mwaka 1997 azimio la kuridhia mkataba lilifungwa na masharti 28 yaliyokubaliwa, Clinton alimwandikia barua ya ahadi Trent Lott, kiongozi wa Warepublikani waliokuwa wengi katika Seneti, na Bob Dole, aliyekuwa ameshindwa na Clinton katika uchaguzi miezi michache kabla, alijitokeza kuuunga mkono mkataba. Jesse Helms, mwenyekiti wa kamati ya mambo ya nje, alipinga hadi mwisho, lakini Lott alipopiga kura ya ndiyo wenzake walipata kivuli cha kusimama. Mwaka 1999 mjadala ulikuwa wa siku chache na hapakuwa na masharti ya namna hiyo. Maseneta 62, wakiwemo Warepublikani wengi, walitia saini barua ya kuomba kura iahirishwe, kisha wengi wa Warepublikani hao wakapiga kura ya la. Lugar mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliokataa, akitilia shaka iwapo majaribio ya siri yangegunduliwa, jambo linaloonyesha kwamba si kila kura inayofuata mstari wa chama imetolewa kwa ajili ya chama.

Hatua ya 4: Andika chama cha siku ile

Niliwahi kuharibu manila nzima kwa kumwandika Bob Smith kama Mrepublikani katika kura ya 1999. Alikuwa amekihama chama Julai mwaka huo na akarudi Novemba, kwa hiyo siku ya kura alikuwa huru. Arlen Specter naye ni mmoja wa wale wanne waliovuka mwaka 1999, lakini mwaka 2010 ndiyo yake ni ya Mdemokrati, kwa kuwa alihama mwaka 2009. Sisi tuliozoea miungano inayobadilika kila uchaguzi hatuna udhuru wa kusahau jambo hili.

Hatua ya 5: Tafuta bei

Kabla ya kura ya 2010, serikali ya Obama iliahidi zaidi ya dola bilioni 80 kwa miaka kumi ili kukarabati viwanda na maabara za nyuklia. Mrepublikani aliyeshinikiza zaidi ahadi hiyo, Jon Kyl, hatimaye alikataa mkataba, ilhali Bob Corker na Lamar Alexander walivuka. Bei, basi, iandikwe kwenye safu yake, wala usimpe risiti aliyeidai bila kuhakikisha alipigaje kura.

Hatua ya 6: Angalia Rais ni wa chama gani

Ronald Reagan, Mrepublikani, alipoupeleka mkataba wa makombora ya masafa ya kati, ulipita mwaka 1988 kwa 93 dhidi ya 5, na wanne kati ya hao watano walikuwa wa chama chake mwenyewe, kwa hiyo usidhani kwamba upinzani hutoka upande wa pili daima.

Hatua ya 7: Ukija nyumbani, badilisha kipimo

Kenya ina Sheria ya Kuandaa na Kuridhia Mikataba ya mwaka 2012, na Katiba, kifungu cha 2(6), inaufanya mkataba ulioridhiwa kuwa sehemu ya sheria zetu. Hata hivyo, hoja za kawaida bungeni hupita kwa wingi wa waliopo na kupiga kura, kwa hiyo upande wenye wengi unaweza usiwe na pengo lolote la kuziba. Mara nyingi pia Spika huuliza, wabunge wakajibu kwa sauti, naye akaamua upande uliosikika zaidi bila majina kuandikwa. Kijana mmoja kutoka Nyalenda alitaka tujaze majina kwa kufuata orodha za vyama. Nilimpa kifutio, na safu ile bado iko tupu ukutani.