Kabla hujafunga springi kwenye tela dogo, pima uzito

Tela langu la kwanza lilifungwa springi zilizotoka kwenye lori dogo chakavu. Fundi alinihakikishia kwamba hazitakatika, na kweli hazikukatika. Mwezi wa tatu ulikatika mkono wa tela, pale ulipochomelewa kwenye chesisi, nikiwa nimebeba matenga 12 ya nyanya kutoka shambani. Nyanya zilifika sokoni zikiwa rojo. Springi zilikuwa nzima kabisa, kwa sababu mzigo wangu haukuwa na uzito wa kutosha kuzikunja. Kila shimo la barabara lilipita moja kwa moja kwenye chuma, kwenye matenga na kwenye ndoano ya gari.

Kwa hiyo kabla ya kwenda kwa muuza springi, nenda kwenye mizani. Mnunuzi wa vyuma chakavu au wa nafaka mwenye mizani ya magari atakupimia kwa bei ndogo. Pima tela tupu, kisha lipime na mzigo wako wa kawaida. Kama unabeba maji, hesabu ni nyepesi: maji ya tangi la lita 500 ni kilo 500, kisha ongeza uzito wa tangi lenyewe.

Tuchukue tela la ekseli moja (chuma cha kupita kinachoshika magurudumu mawili) lenye kilo 260 likiwa tupu, linalobeba kilo 500. Jumla ni 760. Ekseli, habu (kitovu cha gurudumu) na magurudumu viko chini ya springi, kwa hiyo springi hazivibebi. Tuseme ni kilo 80. Sehemu nyingine ya uzito inabebwa na ndoano ya gari, asilimia 10 hivi ya uzito wote, yaani kilo 76. Inabaki 604, kilo 300 na kidogo kila upande. Springi ya kilo 400 kila moja inatosha na akiba ipo. Ukichukua ya kilo 800 kwa kuogopa, umerudi kwenye nyanya zangu. Na muulize muuzaji waziwazi kama namba anayokutajia ni ya springi moja au ya jozi, maana wengine hutaja jozi.

Ule uzito wa ndoano usiupuuze. Tela lililolemewa nyuma huinua ndoano na kuanza kuyumba kulia na kushoto mara mwendo unapoongezeka, na hakuna springi itakayotibu hilo. Ndiyo maana ekseli hukaa nyuma kidogo ya katikati, na mzigo mwingi hupangwa mbele yake. Angalia pia ndoano ya gari lako inaruhusu kilo ngapi, kwani gari dogo mara nyingi huruhusu kidogo kuliko unavyodhani.

Sasa aina. Kwa njia zetu za vumbi na mafundi wetu wa vijijini, mimi nachagua springi za mabamba, zile za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Mabamba yakisuguana hupunguza mdundo yenyewe, kwa hiyo tela dogo linaweza kwenda bila shokapu. Springi za koili, zile za chuma kilichozungushwa kama parafujo, hazina msuguano huo. Ukizifunga, shokapu ni lazima, na vyuma vya kuishikilia ekseli isikimbie ni lazima pia. Kuna ekseli za raba: bomba la pembe nne lenye kamba nene za raba ndani, zinazobanwa pale mkono wa gurudumu unapojisokota. Hutembea kwa utulivu na hazidai grisi kwenye springi. Lakini raba ikichoka hutaiponya barabarani, unabadilisha ekseli nzima, na fundi akichomelea karibu na lile bomba raba inaungua ndani bila wewe kuona. Kwa anayetembea lami na kupata vipuri kwa urahisi ni chaguo zuri sana.

Ukiamua mabamba, beba rula ya kupimia unene. Hapa watu wengi hudanganyika kwa macho. Bamba la milimita 8 ni gumu zaidi ya mara mbili ya lile la milimita 6 lenye urefu na upana uleule, kwa sababu ugumu hupanda kwa unene mara unene mara unene. Urefu nao hufanya kazi hivyohivyo kwa upande wa pili: springi fupi kidogo tu huwa ngumu mno. Idadi ya mabamba ndiyo isiyo na makali hayo. Ukiwa na manne yaliyo sawa, la tano huongeza robo tu. Kwa hiyo tela likiwa gumu, kutoa bamba moja ni marekebisho ya busara, ilimradi usiguse bamba kuu lenye macho, yaani matundu ya kufungia kwenye ncha zake. Na usimruhusu mtu achomelee springi iliyopasuka. Moto huua ugumu wa chuma kile, na kitakatika tena pembeni ya pale pale.

Siku ya kufunga, simama na fundi. Nunua yu-bolti mpya, zile bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli; za zamani zimeshavutika. Nati zikazwe kwa zamu, kidogo kidogo, pande zote nne, na senta bolti, ile inayopita katikati ya mabamba, ikae sawasawa kwenye tundu la ekseli. Kisha chukua kamba au futi, pima kutoka kwenye ndoano hadi ncha ya ekseli upande wa kulia, halafu kushoto. Zikitofautiana zaidi ya milimita chache, tela litatembea upande kama kaa na kula tairi. Hakikisha tairi ina nafasi ya kupanda bila kugusa madigadi wakati mzigo umejaa, na weka raba ya kupokea kishindo kati ya ekseli na chesisi.

Baada ya kilomita 50 hadi 100 za kwanza ukiwa na mzigo, kaza yu-bolti tena. Nasisitiza hili kuliko yote ya matunzo. Rangi na uchafu uliobanwa kati ya vyuma hulainika na nati hulegea. Yu-bolti iliyolegea huacha springi ikunjike katikati, na hapo kwenye tundu la senta bolti ndipo bamba hupasuka. Mimi hukaza baada ya safari ya kwanza, ya pili, kisha kila mwezi.

Yaliyobaki ni ya macho na mikono. Kabla ya safari ndefu piga jeki, shika tairi juu na chini, itikise. Ikicheza sana, beringi au bushi (bomba dogo linalovikwa ndani ya jicho la springi) imechoka. Baada ya kilomita 15 au 20 simama uguse habu: joto la kawaida ni sawa, lakini usipoweza kuacha mkono pale, grisi imekwisha au beringi imekazwa kupita kiasi. Tazama bushi za macho ya springi na kile kibawaba cha nyuma, sheko, kama tundu limekuwa yai. Michirizi ya kutu nyekundu kati ya mabamba huonyesha yanakosuguana, na mstari mwembamba mweusi unaokata bamba ni ufa. Kwenye vumbi sipaki grisi kati ya mabamba, maana ikichanganyika na mchanga hugeuka msasa.

Wenye matela ya boti wana adui mwingine. Habu yenye moto ikitumbukizwa kwenye bahari, hewa ya ndani hupoa ghafla na kuvuta maji ya chumvi. Ngoja ipoe kwanza, na ukitoka suuza springi zote kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo.

Kwenye kisanduku changu kuna yu-bolti mbili na nati zake, spana inayozitosha, waya mnene, na kipande cha mti mgumu nilichokikata kwa urefu wa nafasi kati ya ekseli na chesisi mzigo ukiwa umejaa. Springi ikikatika porini, napunguza mzigo, nainua kwa jeki, nakipachika hapo, nakifunga kwa waya, na kwenda mwendo wa baiskeli hadi kwa fundi wa karibu.