Somo: Kutafuta pete iliyopotea ufukweni kwa detekta (mashine ya kunasa metali)

Wadau, kila sikukuu ikipita napokea swali lile lile: "Pete imepotea baharini, mashine itaipata?" Nimechoka kumjibu kila mtu peke yake. Naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamuelekeza hapa. Nazungumzia fukwe zetu, Kigamboni hadi Paje, Diani hadi Malindi, na vito vyenye mwenyewe anayevililia.

Jibu fupi: mara nyingi inapatikana, mradi aliyepoteza amehojiwa vizuri na maji yamesubiriwa. Mashine ni jambo la tatu.

1. Mashine. Mchanga mkavu hauchagui. Mchanga mbichi wa chumvi unapitisha umeme, kwa hiyo detekta ya masafa mamoja hulia ovyo. Tumia ya masafa mengi, mfano Minelab Equinox, au ya mapigo, ile inayotuma umeme kwa vipigo vifupi vifupi.

2. Ruhusa. Ongea na askari wa hoteli, BMU (kamati ya wavuvi inayosimamia ufukwe) au viongozi wa mtaa kabla hujatoa mashine kwenye begi. Ndani ya hifadhi za bahari kama Watamu usianze bila wenye hifadhi.

3. Mhoji mwenye pete. Ukimuuliza "ilipotea wapi" atakuonyesha bahari nzima. Muulize ilikuwa saa ngapi, maji yalikuwa yanajaa au yanapwa, yalimfika magotini au kiunoni, na alikuwa mkabala na nini nchi kavu. Omba picha za siku ile. Ukiona nyuma yake mnazi fulani na pembe ya banda, tayari una mstari wa kufuata. Muulize pia alikaa wapi kupaka mafuta na wapi alikung'uta kanga, maana vidole vyenye mafuta ndivyo vinavyoachia pete.

4. Subiri maji. Siku za bamvuko maji yetu hupanda na kushuka kwa mita 3 hadi 4. Mahali mtu alipoogelea saa kumi jioni maji yakiwa yamejaa, saa nne na robo usiku unaweza kupatembea kwa miguu. Bamvuko huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, yaani karibu na tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 za mwezi wa Kiislamu. Kama pete ilipotea kwenye maji mengi siku ya bamvuko, usingoje maji mafu (siku maji yanapopanda na kushuka kidogo tu), hayatapwa vya kutosha. Ingia maji yakiwa bado yanapwa, uyafuate yanavyorudi nyuma.

5. Chora mistari. Kamba ya katani na vijiti. Pita mara ya kwanza sambamba na bahari, ya pili ukikatiza.

6. Usichuje foili. Hapa ndipo pete zinapoachwa mchangani, kwa hiyo someni polepole. Detekta nyingi zina kitufe cha kuchuja takataka. Mtu akichoka kuchimba foili za pakiti za sigara na vishikio vya kopo, anazima namba zote za chini kwenye kioo cha mashine, ufukwe unakuwa kimya, anafurahi. Tatizo ni kwamba pete nyembamba ya dhahabu inasomeka kwenye namba zile zile za foili, na pete nene inasomeka kama kishikio cha kopo. Mashine haijui dhahabu. Inapima tu jinsi kitu kinavyopitisha umeme, pamoja na ukubwa na umbo lake. Ukizima foili umeizima na pete ya harusi. Chuja chuma tu, misumari na nyaya, na hata hapo kuwa mwangalifu: pete iliyolala kando ya msumari inaweza kumezwa na ukimya wa msumari. Kwenye eneo dogo ulilolipata kwa mahojiano, acha kuchuja kabisa na chimba kila mlio. Ukitaka raha ya ukimya, hujaenda kutafuta pete ya mtu.

Na koili, ile sahani ya chini ya mashine, isipae. Iende sambamba na mchanga, karibu kuugusa, kila mzunguko ukilalia nusu ya uliopita. Wengi huiinua mwisho wa mkono kama wanafyeka majani, na ukingoni pale hawasikii kitu.

7. Chimba, fukia. Chota pembeni ya mlio, chekecha, pitisha koili tena shimoni, kisha fukia. Watoto hukimbia hapo.

Maswali yameanza, nayajibu hapa hapa.

Mdau wa Bamburi: Mkuu, mashine gani nzuri na bei?

Hatua ya 1. Bei muulize muuzaji.

Mdau wa Tegeta: Nimeshusha programu ya detekta kwenye simu, inatosha kutafuta cheni ya dhahabu?

Haitoshi. Simu inapima usumaku, na dhahabu na fedha havina usumaku. Itakuonyesha msumari. Cheni hata kwa detekta kamili ni ngumu, kwa sababu mashine huona kila kiungo cha cheni peke yake kama kitu kidogo sana. Mara nyingi kinacholia ni kifungo chake au kidani. Pita taratibu mno.

Dada wa Malindi: Shikamoo. Kwetu mchanga unang'aa na una weusi, detekta inalia hata pasipo kitu. Ninayo ya masafa mengi. Tatizo ni mimi au mchanga?

Marahaba dada, umeuliza vizuri. Ni mchanga. Mto Sabaki unaleta madini mazito yenye chuma na titani, na mashine inayasikia. Tafuta sehemu isiyo na kitu, pandisha na kushusha koili hadi mlio utulie. Huko ndiko kusawazisha. Rudia kila rangi ya mchanga inapobadilika, na punguza usikivu kidogo. Utapoteza sentimita chache za kina, lakini utasikia kilicho kweli. Mchanga mweupe wa matumbawe wa Paje hauna shida hiyo. Ukisawazisha ukashindwa, niandikie unachosikia.

Mdau wa Mtwara: Pete ya wiki tatu si imeshachukuliwa na bahari?

Dhahabu safi ina uzito mara 19 ya maji, mchanga hata mara 3 haufiki. Mawimbi husogeza mchanga, pete inazama palepale mpaka ikute tabaka gumu la udongo au jiwe. Kinachokushinda ni kina. Wakati wa kusi baadhi ya fukwe hukatwa na mchanga kupungua, hapo jaribu tena.

Mdau wa Kilwa: Nimepata visarafu vya shaba vina maandishi ya Kiarabu, nisafishe kwa ndimu?

Usisafishe, na usiendelee kuchimba! Hizo zinaweza kuwa sarafu za masultani wa Kilwa. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni Urithi wa Dunia tangu 1981, na sheria ya mambo ya kale inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Piga picha, andika mahali, peleka ofisi ya mambo ya kale. Sarafu iliyong'olewa mahali pake hawezi tena mtu kujua ililala na nini.

Mdau wa Bamburi: Nikiipata si yangu? Mimi ndiye niliyechimba.

Ina mwenyewe. Patana malipo kabla ya kuingia mchangani. Swali hili silijibu mara ya pili.

Mama wa mwani, Jambiani: Waambie wasikanyage vigingi vyetu. Wanakuja usiku na taa, asubuhi kamba zimekatika.

Ahsante mama, nimeliacha na lilitakiwa liwe juu. Wadau, mashamba ya mwani yana wenyewe. Muulizeni mwenye shamba, na mara nyingi yeye ndiye atakayewaambia mkondo unapeleka wapi vitu.

Dada wa Malindi: Imetulia! Pete niliyoipata ina jiwe la tanzanaiti, naisafishaje?

Hongera sana. Tanzanaiti ni laini kuliko almasi na hata mchanga wenyewe unaweza kuikwaruza. Usisugue. Iloweke kwenye maji ya kawaida yasiyo na chumvi mpaka punje zitoke zenyewe, kisha kitambaa laini. Na koili nayo ioshe leo hii.