Umeambiwa ukapige picha ya 3D ya meno? Pitia hapa kwanza

Kama daktari wa meno kakuandikia CBCT, ndo hiyo eksirei ya 3D ya meno na taya, usiende kichwa kichwa. Kwanza muulize, tunatafuta nini? Jibu lake ndo linaamua eneo gani lipigwe, maana kama ni gego moja tu linatibiwa mizizi, kaeneo ka sentimita 5 kwa 5 kanatosha kabisa, hamna haja ya kupiga taya zote mbili mpaka puani, na eneo likiwa kubwa kwa kawaida na mionzi inaongezeka. Jino likiwa limetoboka tu, eksirei ya kawaida inatosha. 3D ni ya mambo kama gego la mwisho lililolala karibu na mshipa wa fahamu wa taya la chini, au unataka kupandikiza jino na daktari lazima apime mfupa una kina na upana gani kabla hajatoboa, sababu eksirei ya kawaida inalaza kila kitu bapa, mzizi na mshipa unaviona vimepandana kumbe kimoja kiko mbele kingine nyuma. Ukiwa mjamzito sema mapema.

Siku ya kwenda vua hereni, mkufu, miwani, kipini cha pua, pini za mtandio, vibanio vya nywele na meno ya bandia yale ya kuvua. Chuma kinachora michirizi inayoziba kile kinachotafutwa.

Mashineni unasimama au unakaa, kidevu kwenye kiegemeo, unang'ata kijiti cha plastiki, mkono wa mashine unakuzunguka, mara nyingi sekunde 10 mpaka 20 na kitu hivi. Hapo ndo pagumu. Usimeze mate! Watu wanadhani kutulia ni kichwa tu, kumbe ukimeza taya linacheza na ulimi unasukuma, picha inatoka na kingo mbilimbili na unaambiwa rudia, mionzi tena. Meza kabla haijaanza, gandisha ulimi juu kwenye kaakaa, pumua taratibu kwa pua, alafu fumba macho, maana ukiufuata ule mkono kwa macho na kichwa nacho kinaenda.

Sasa hili nalisema kwa uchungu: usiondoke bila faili. Shangazi yangu alipewa karatasi tu, vipicha vinne vimeprintiwa, kufika kwa daktari wa kupandikiza haipimiki hata milimita moja, karudi alikopigia anaambiwa zimeshafutwa, ikabidi alipe na apigwe upya. Sema unataka faili za DICOM, yaani picha zenyewe za kompyuta ambazo daktari anaweza kuzipima, kwenye CD au fleshi, na uchukue folda nzima kama ilivyo, zinaweza kuwa mamia, kila moja ni kipande chembamba cha taya, ukipunguza hata chache picha inakuwa na mapengo. Kuipiga skrini kwa simu ukamtumia daktari WhatsApp haisaidii, yeye anataka kuigeuza na kuikata mwenyewe kwenye programu yake. Ukifika nyumbani kopi kwenye kompyuta, uandike na tarehe, hata jino likishapona usifute, mwakani daktari akitaka kulinganisha mfupa umejaa au bado, atakuulizia hizo hizo.